Safu Moja ya Maharagwe Mbele ya Njaga

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Kisian kununua miche ya parachichi, nawajua kwa macho. Mkono unashika mche, macho yanazunguka nyuma ya kibanda. Halafu mmoja wenu anakohoa kidogo na kusema, "Mzee, tumesikia wewe uliwahi kupanda ile nyingine. Ile ya auto." Anatoa simu, ananionyesha picha ya mmea mfupi, mnene, umejaa maua kama mtoto aliyevalishwa sweta la kaka yake.

Ndiyo, niliupanda. Niliupanda nje, kwenye baridi ya Nyabondo, huko juu mlimani ambako ukisimama asubuhi huoni Pap Onditi hapo chini, unaona ukungu tu, na sauti za jogoo zinatoka ndani ya ukungu kama wamefunikwa blanketi. Nitawaambia yote ninayojua. Niliachia shule darasa la tano, na hii ndiyo elimu pekee ninayoweza kumpa mtu. Lakini mtanisikiza mpaka mwisho, kwa sababu kila nilichojua juu ya mmea huo kinaishia kwa siku tisa ambazo mama yangu alikaa kwenye seli badala yangu. Waliosababisha siku hizo tisa nitawataja kwa majina. Wako watatu.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Abuya, jirani yetu. Yeye hakujua auto, hii fupi ya siku chache. Njaga yake, ndivyo tunavyoiita bangi kwetu, ilikuwa ya kienyeji, ya kukaa shambani miezi sita, saba. Ilirefuka na mahindi, ikapita mahindi, halafu mahindi yakivunwa inabaki imesimama peke yake kama mtu aliyesinzia kanisani akaamka watu wameshaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Kila mtu aliyepita njiani aliiona, na Abuya alikuwa anawaambia wapita njia ati ni dawa ya kuku.

Lakini kwa udongo, yule mzee alikuwa profesa. Hakupima ardhi kwa mkono. Alipiga magoti, akakunja shati, akaweka kiwiko chini, akafumba macho. "Unapima kama maji ya kuogesha mtoto mchanga," aliniambia. "Kiwiko kikishtuka, mbegu itashtuka. Mbegu ikishtuka inalala. Ikilala kwa udongo wa baridi, haiamki, inaoza." Mpaka leo hata parachichi zenu nazipima kwa kiwiko, na mnanicheka mkidhani nimeanguka.

Sasa wa kwanza. Dancun Oluta, muuza viatu vya mitumba soko la Kibuye. Andikeni hilo jina kama mnataka. Yeye ndiye aliyeniletea mbegu. Alipanda mlima na viatu vyake vizuri, akafika kwetu vimejaa matope mekundu, akafungua karatasi ya sigara. Ndani kulikuwa na vimbegu kumi na viwili, vidogo, vina madoadoa kama kupe.

"Omera, hizi hazingoji," alisema. "Hazijui mvua, hazijui jua, hazijui masika. Zinahesabu siku zenyewe. Siku sabini, themanini, zimemaliza. Na hazipiti kiuno chako."

"Na baridi?"

"Huko zilikotoka kuna baridi kuliko hapa."

"Wewe ulifika huko zilikotoka?"

"Mimi nimefika Kibuye, Okech. Panda."

Nikapanda. Na nikafanya kosa ambalo mkulima wa sukuma pekee ndiye anaweza kulifanya. Mama alikuwa na kitalu chake cha sukuma, na mimi tangu utoto nilijua mboga huanzia kwenye kitalu, ikifika majani manne unaing'oa, unaihamisha. Nikafanya vile vile. Sasa ule mmea wa kienyeji ukiuhamisha unanuna wiki moja, halafu unasahau. Huu hausahau, maana hauna muda wa kusahau. Saa yake imeshaanza kuhesabu. Siku zile ulizokaa ukiuguza mizizi, ulitakiwa uwe unarefuka. Ukifika wakati wake unatoa maua tu hata kama uko kimo cha kuku.

Dancun aliporudi kuangalia, alichuchumaa, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani.

"Okech, mimi nilikupa njaga. Hii ni dania."

"Ni yako hiyo. Si ulisema haingoji?"

"Basi tuwapelekee kina mama wa samaki waweke kwa supu."

Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia ni nini. Dancun akasimama haraka na kumwambia tunaangalia dania. Mama aliangalia, akaangalia tena, akarudi jikoni. Mama yangu alikuwa anaitwa Nyar Kano, binti wa Kano, maana alizaliwa huko kwenye mpunga. Mtu aliyekulia kwenye mpunga huwezi kumdanganya juu ya jani.

Mwaka uliofuata nilijua zaidi. Sikuhamisha. Nilipanda mbegu pale pale itakapokaa mpaka mwisho. Na nilitafuta mahali pa joto. Kwetu Nyabondo watu wanachoma matofali, na kaka yangu Ochola alikuwa na tanuri nyuma ya boma. Tanuri likishavunjwa na matofali kuuzwa, linabaki lile guu lake, ukuta mfupi mweusi ulioungua, na udongo wa pale chini hukaa na joto siku nyingi. Hata likishapoa, ule ukuta unakunywa jua mchana na kulitoa polepole asubuhi wakati kila kitu kingine kimeganda. Nilipiga magoti pale na kiwiko changu. Kiwiko hakikushtuka. Nikasema hapa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita. Nyinyi wa Kisumu hamjui baridi. Mnavaa jaketi mvua ikinyesha na mnaita hiyo baridi. Mwezi wa saba kule juu, asubuhi mtu anasalimia na maneno yake yanaonekana. Mimi bado naikumbuka hiyo baridi kama wengine wanavyokumbuka chakula. Kuna siku hapa Kisian jua linanichoma mgongo, na mimi nasimama kati ya miche nikitamani tu ule ukungu uniguse shingo mara moja, na moshi wa tanuri, na Mama akiita kutoka jikoni, "Okech, chai inapoa, wewe unaongea na nini huko?"

Nilikuwa naongea na umande. Adui wa maua kwenye baridi si baridi yenyewe. Ni maji yanayokaa. Asubuhi kabla jua halijatoka vizuri, nilikuwa napita na kijiti, napiga kila shina kidogo, tap, tap, umande unaanguka. Sikuipanda ikabanana, niliacha nafasi upepo upite. Na nilijifunza kwa machozi kwamba ua linaloanza kuoza ni lile lililonona kuliko yote, lile ulilokuwa unajisifia, na linaanza kuozea ndani. Nje ni zuri, ukilipasua ndani kuna kuvu ya kijivu kama majivu ya sigara. Wakati mwingine baridi iligeuza majani yakawa zambarau. Dancun alipoona hiyo alisema nimeyapaka rangi.

Huo ndio ujuzi wote. Mnaona ni kidogo. Yanayobaki ni watu.

Siku moja Mama alikwenda kwenye guu la tanuri kutafuta tofali zima la kuinua jiko lake. Alinikuta na kijiti changu. Miche ilikuwa imefika kwenye goti. Nilijua atauliza ni nini ile, na nilikuwa na uongo tayari. Hakuuliza. Alisimama na tofali mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wuoda, mwanangu, umepanda kabla yangu?"

Vijana wa siku hizi hamjui hili, au mnajua na mnalicheka. Kwetu boma lina mpangilio. Mbegu hazianzi kwa yeyote tu. Mama wa boma ndiye anatoa mbegu kwanza, yeye ndiye anafungua ardhi. Akishapanda, anafuata mtoto wa kwanza, halafu wa pili, hivyo hivyo. Mdogo akiwaruka, hiyo ni chira, na chira haimshiki aliyekosa peke yake, inashika boma. Mtu anakonda, anakohoa, hospitali hawaoni kitu. Wengine watakuambia sheria hiyo ni ya mahindi na mtama wa masika tu. Mama hakuigawa hivyo. Kwake mbegu ni mbegu.

"Mama, huu si msimu," nilimwambia. "Hakuna aliyepanda."

"Ndiyo nakuuliza. Hakuna aliyepanda, na wewe umepanda."

Aliweka tofali chini. Alikwenda nyumbani akarudi na jembe lake fupi na kopo la maharagwe, yale mekundu yenye mstari mweupe aliyotoka nayo Kano siku ya kuolewa. Katikati ya baridi, mwezi wa saba, wakati hakuna mtu mwenye akili anayepanda maharagwe Nyabondo, mama yangu alichimba safu moja mbele ya mimea yangu, kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Alipanda akiwa ameinama. Alipomaliza alijinyoosha, akashika kiuno.

"Sasa mimi niko mbele," alisema. "Mtu akiuliza, mimi niko mbele."

"Hiyo ni kurudi nyuma, Mama. Yangu imeshaota."

"Mungu anaangalia safu, haangalii kalenda. Na wewe unyamaze."

Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya wazee. Yale maharagwe yaliota kwa shida, manjano kidogo, na yeye kila siku akawa anakuja kuyapalilia. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja pale, mimi na kijiti, yeye na jembe. Hakuwahi kutaja mmea wangu kwa jina. Akifika karibu nao anasema tu, "Hii yako ina harufu ya panya aliyekunywa pombe." Kama ningeambiwa nichague wiki moja katika maisha yangu nirudishiwe, nisingeomba za ujana, nisingeomba harusi. Ningechukua moja ya zile wiki, baridi na yote.

Wa pili ni Ochola, kaka yangu, mzaliwa wa kwanza. Aliyaona maharagwe, akaona yaliyo nyuma ya maharagwe. Akaja kwangu amekasirika, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya serikali.

"Umeniruka," alisema.

"Hii si mahindi, Ochola."

"Imeota ardhini?"

"Imeota."

"Basi ni mbegu. Mama amepanda, sawa. Baada ya Mama ni nani? Ni mimi au ni wewe? Na hilo guu la tanuri ni la nani?"

Ningemwomba msamaha siku ile ile. Ningempa hata nafasi apande safu yake ya maharagwe, tucheke, iishe. Badala yake nilimwambia aende akapande matofali.

Sasa Dancun alikuwa na ujanja mmoja aliouona mkubwa sana. Alificha mzigo wa njaga kwenye ncha za viatu vya mitumba, huko vidole vinakokaa, akiziba na magazeti. Ilifanya kazi mpaka siku askari aliyevaa kiraia alipokuja Kibuye kununua viatu kweli, vya mtoto wake wa shule, akaingiza mkono kupima saizi. Dancun alitaja jina langu kabla hawajafika geti la kituo. Akataja na mlima, na tanuri. Hakuambiwa aseme, alijisemea. Jina langu likawa nauli yake ya kurudi nyumbani.

Askari walipofika Nyabondo hawakujua njia. Ni Ochola aliyewaonyesha. Alitembea mbele yao.

Ilikuwa saa nne hivi, ukungu unaanza kuachia. Mimi nilikuwa nimeenda boma la Abuya kuchukua samadi kavu, narudi na karai kichwani. Nikasikia sauti, nikasimama nyuma ya ua wa mikonge, hatua ishirini, labda pungufu. Nilimwona Mama ameinama kwenye maharagwe yake. Niliona askari wawili, na Ochola pembeni.

"Mama, habari ya asubuhi. Shamba hili ni la nani?"

"La aliyetangulia kulipanda."

"Nani huyo?"

Mama alijinyoosha, akashika kiuno vile vile. "Mimi. Maharagwe si hayo mbele? Au hamuoni?"

"Tunaona maharagwe, Mama. Tunauliza hii iliyo nyuma."

"Kila kilicho nyuma kiko nyuma ya mkono wangu."

"Tumeambiwa ni ya mtoto wako, Okech."

"Aliyewaambia aseme mbele yangu kwamba mtoto wangu alipanda kabla yangu."

Wakamgeukia Ochola. Na kaka yangu, aliyewaleta mpaka pale kwa hasira ya kurukwa, alifungua mdomo, akaufunga. Angesema ndiyo, angekuwa amesema mbele ya wageni kwamba boma la mama yake limevunjika. Aliangalia viatu vyake. Mama aliweka jembe lake juu ya ukuta wa tanuri, akafunga leso vizuri, akatangulia njiani kama anakwenda sokoni.

Mimi nilikuwa na karai la samadi kichwani. Sikulitua.

Walipopotea njiani niliteremka mlima kwa upande mwingine mpaka Pap Onditi, kwa binamu yangu anayeshona magunia. Siku ya kwanza nilisema watamwachilia, ni mama mzee. Siku ya pili nilisema nikienda tutafungwa wote, itamsaidia nani. Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko, watu wengi, ningeonekana. Siku ya nne nilisema Ochola ndiye alileta shida, aitoe. Siku ya tano nilimlaani Dancun kutwa nzima, na kulaani ni kazi, jioni nilichoka. Hivyo hivyo. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Siku ya tisa mwanamke wa kuuza mboga aliyemjua Mama alinikuta natoa maji. Hakunisalimia. Alisema tu, "Nyar Kano anakohoa. Sakafu ya mle ndani ni simiti."

Nilitembea kwa miguu mpaka kituoni. Askari wa mezani alidhani nimeleta chakula.

"Nimekuja kuchukua nafasi ya mama yangu," nilimwambia.

"Hapa si foleni ya kliniki, bwana."

"Mimi ndiye Okech."

Akaweka kalamu chini.

Walimtoa Mama wakati wananiingiza. Tulipishana mlangoni. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yeye ndiye aliyeongea.

"Maharagwe umevuna?"

"Sijavuna, Mama."

"Basi yatakuwa yamekauka," alisema, akakohoa, akaenda.

Hayo ndiyo ya mwisho tuliyosemezana. Mimi nilifungwa miaka minne. Kikohozi chake hakikuisha, na mwezi wa saba wa pili nikiwa ndani, walikuja kuniambia. Hospitali waliandika mapafu. Nyumbani walisema chira. Mimi nasema simiti. Sikumzika.

Nilipotoka nilipanda mlima kwenda Nyabondo mara moja tu. Mzee Abuya naye hakuwapo tena. Guu la tanuri lilikuwa limeota nyasi. Ochola alinikuta nimesimama pale na hakusema karibu. Aliingia nyumba ya Mama, akarudi na lile kopo.

"Niliyavuna mimi," alisema akiangalia pembeni. "Yalikuwa yamekauka kwenye shina. Mama alisema ni yako." Halafu akaniambia, "Sikujua Mama atasema shamba ni lake, Okech. Ningejua atasema hivyo nisingewaleta." Mpaka leo sijamjibu, na yeye anazeeka kule juu na mimi huku chini.

Mnauliza mpande au msipande. Mimi si chifu. Sheria mnaijua na mbegu mnazo kwenye mifuko, siwezi kuwapekua. Nawauliza kitu kimoja: ukipanda, nani amesimama mbele ya safu yako? Ukishamjua, mwangalie vizuri akiwa ameinama, umkumbuke.

Niliwaahidi majina matatu. Dancun Oluta alinitaja, Ochola akawaonyesha njia. Lakini hao wawili walileta askari kwa Okech, hawakuwaleta kwa Nyar Kano. Na wao walimaliza kazi yao siku moja, saa nne asubuhi. Siku nane zilizobaki zina mwenyewe. Wa tatu ni mimi.

Hapa Kisian hakuna baridi ya maana, lakini mwezi wa saba ukifika nafungua kopo, natoa kiganja kimoja, nachimba safu moja mbele ya vitalu vyote. Yakikomaa narudisha mbegu kwenye kopo. Sijawahi kupika hata moja. Kwa hivyo mkija wakati huo mkute udongo umekorogwa na hakuna hata mche mmoja, msinihimize na msiulize kama nimelala. Maharagwe bado hayajatoka. Yakishatoka, ndipo nitapanda.